Dalali Hamalizi Mauzo ya Nyumba

Wauzaji wengi wa nyumba nchini Tanzania huamini kwamba wakishamkabidhi dalali kazi, naye akaleta mnunuzi na pande zote zikatia saini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mauzo yamekamilika. Imani hiyo si sahihi, na imewaingiza watu wema katika kesi za miaka mingi.

Kazi ya dalali ni kukutanisha pande mbili na kusaidia kupatana bei, jambo lenye thamani ya kweli kwa muuzaji asiyejua bei za eneo lake. Hata hivyo, dalali hahamishi umiliki. Nyumba yenye hati huhama rasmi pale tu uhamisho unapoidhinishwa na kusajiliwa na mamlaka za ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, baada ya kodi ya faida itokanayo na mauzo kushughulikiwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kabla ya hapo, jina lililo katika daftari la msajili bado ni la muuzaji, hata kama mnunuzi amekwisha kuhamia.

Linalosahaulika zaidi, na ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni ridhaa ya mwenzi: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mwenzake. Dalali hana mamlaka ya kuitoa idhini hiyo, wala kamisheni yake haiifidii inapokosekana.