Kupima Ukali wa Kiharusi Kabla ya Kufika Hospitalini: Maswali na Majibu

Kwa nini ukali upimwe njiani badala ya kumsubiri daktari?

Kwa sababu si kila hospitali inaweza kutibu kila kiharusi. Mshipa mkubwa wa ubongo unapozibwa na damu iliyoganda, dawa ya kuyeyusha damu hiyo, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, mara nyingi haitoshi. Mgonjwa huyo huhitaji kituo chenye wataalamu wa kulitoa bonge la damu kwa mrija mwembamba. Akipelekwa kwingine kisha akahamishwa, muda unaopotea ni sehemu ya ubongo wake.

Mhudumu wa ambulensi hupimaje?

Vipimo ni vingi. Kimojawapo, LAMS (Los Angeles Motor Scale, yaani kipimo cha alama za udhaifu wa misuli), huangalia mambo matatu. Uso ulioshuka upande mmoja hupewa alama 1. Mgonjwa huinua mikono yote miwili: mkono unaoshuka polepole ni alama 1, unaoanguka mara moja ni 2. Kisha hubana vidole vya mhudumu: akibana kwa udhaifu ni 1, asipoweza kabisa ni 2. Jumla ya 4 au 5 huashiria kwamba huenda mshipa mkubwa umeziba.

Je, alama ndogo maana yake hakuna hatari?

Hapana, na hapa ndipo umakini unapohitajika zaidi. LAMS haipimi usemi, kuona wala mwendo, kwa hiyo kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo, chenye kizunguzungu kikali na kuyumba, kinaweza kuipita bila kuonekana. Sukari iliyoshuka mno nayo huiga kiharusi, ndiyo maana sukari ya damu hupimwa mapema. Tena hakuna kipimo cha njiani cha aina hii kinachotenganisha mshipa ulioziba na uliopasuka; hilo huonyeshwa na picha ya ubongo, na kabla ya hapo mgonjwa asipewe aspirini.

Ndugu wasaidie vipi?

Waseme ni saa ngapi mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Kama aliamka na dalili, saa hiyo ni ile aliyoonekana mzima kabla ya kulala, si ile ya kuamka. Wataje pia dawa anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na wasimpe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda hawezi kumeza salama.