Rais na Makamu wa Vyama Tofauti Katika Historia ya Marekani

Anayefuatilia uchaguzi wa Marekani amezoea kumwona mgombea urais na mgombea mwenza wakisimama chini ya chama kimoja, na ni rahisi kudhani kwamba Katiba ya nchi hiyo ndiyo inayowataka wafanye hivyo. Ukweli ni kwamba Katiba hiyo haitaji chama cha siasa hata mara moja. Wengi wa walioiandika mwaka 1787 waliviona vyama kuwa chanzo cha mfarakano, na rais wa kwanza, George Washington, aliongoza kwa vipindi viwili bila kuwa mwanachama wa chama chochote.

Kwa utaratibu wao wa awali, kila mjumbe wa uchaguzi, yaani mtu aliyeteuliwa na jimbo lake kumchagua rais, alipiga kura mbili bila kueleza ipi ni ya urais na ipi ni ya umakamu. Aliyepata kura nyingi zaidi, mradi zivuke nusu ya idadi ya wajumbe, alikuwa rais, na aliyemfuata alikuwa makamu wake. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1796 John Adams wa chama cha Federalist alipata kura 71 na mpinzani wake, Thomas Jefferson wa Democratic-Republican, akapata 68, hivyo mahasimu wawili wakawa katika serikali moja kwa miaka minne. Uchaguzi wa 1800 ulizua mkwamo wa aina nyingine, kwani Jefferson na mwenzake wa chama, Aaron Burr, walilingana kwa kura 73, na Baraza la Wawakilishi likalazimika kupiga kura mara 36 ndipo Jefferson akapatikana. Marekebisho ya 12 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1804, yalizitenganisha kura hizo mbili.

Hata hivyo, tofauti za kichama hazikuisha. Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Abraham Lincoln wa Republican aligombea pamoja na Andrew Johnson, Mdemokrati wa Tennessee aliyekataa kujitenga na Muungano jimbo lake lilipojitenga. Hesabu ilikuwa ya kuvuta kura na kuonyesha umoja wa taifa, na sidhani kama waliompendekeza walipima vya kutosha uwezekano wa yeye kutawala. Wiki sita tu baada ya kuapishwa kwao, Lincoln aliuawa. Johnson aliurithi urais akiwa na Bunge lililotawaliwa na Warepublican, akaukataa muswada wa haki za kiraia wa mwaka 1866, uliolenga kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani, na Bunge likaupitisha juu ya pingamizi lake. Mwaka 1868 Baraza la Wawakilishi lilimfungulia mashtaka, na katika Seneti alinusurika kuondolewa kwa upungufu wa kura moja tu kufikia theluthi mbili zilizohitajika: maseneta 35 walimtia hatiani, 19 walikataa.

Tangu hapo vyama vikuu kwa kawaida vimekuwa vikiteua wagombea wote wawili kutoka ndani, lakini mlango haujafungwa kisheria. Ikitokea hakuna aliyevuka nusu ya kura za wajumbe, Baraza la Wawakilishi humchagua rais kati ya watatu wanaoongoza, kila jimbo likiwa na kura moja, ilhali makamu huchaguliwa na Seneti kati ya wawili wanaoongoza. Vyombo hivyo vikiwa mikononi mwa vyama tofauti, vinaweza kabisa kutoa rais wa chama kimoja na makamu wa kingine.