Je, wajua kwa nini mbwa mchanga hukimbia na kitu badala ya kukukabidhi mkononi?

Mbwa wa miezi minne akirushiwa kandambili kuukuu uani, huifuata mbio, huiokota, humtazama mwenyewe, kisha hukata kona na kwenda kujilaza nayo nyuma ya pipa la maji. Wengi hapa Goma huona hiyo ni jeuri, wakamwendea kwa fimbo. Kumbe kufukuza, kukamata na kubeba ni mambo ambayo mbwa ameyarithi kwa wazee wake wawindaji, ilhali kumwachia mwingine alichokamata ni jambo la kufundishwa. Hata aina zilizochaguliwa kizazi baada ya kizazi huko Uingereza katika karne ya 19 ili zirudishe ndege waliopigwa risasi, kama vile Labrador na Golden Retriever, huzaliwa na hamu ya kurudi na mzigo lakini bado huhitaji mwalimu wa hatua ile ya mwisho. Basenji, mbwa wa asili wa misitu ya Kongo, alizoezwa kazi tofauti kabisa, yaani kuwaswaga wanyama kuelekea nyavuni akiwa amefungwa kengele ya mbao shingoni. Kwa hiyo mwenye mbwa wa kienyeji ajiandae kwa subira zaidi.

Mara nyingi kosa huanzia kwenye mkono wa mtu. Mbwa akifika na kitu, kikapokonywa papo hapo, hujifunza kwamba kumkaribia mtu ni kunyang'anywa; na akifukuzwa, hugundua mchezo mtamu kuliko ule wa kwanza.

Nyumba nyingi za Goma zina ukuta wa mawe ya volkano, na ule ujia mwembamba ulio kati ya ukuta na nyumba, ukiwa umezibwa upande mmoja, ni darasa bora kuliko uwanja mpana. Chuchumaa kwenye mlango wa ujia, urushe kitu kuelekea upande uliozibwa: mbwa hana njia ya kurudi isipokuwa kupitia kwako. Anapokuja, mgeuzie ubavu, usimkazie macho, wala usinyooshe mkono kuelekea mdomo wake. Mpapase kifua na shingo huku angali amekishika, umsifu kwa sauti ya chini. Baada ya muda kidogo, weka kiganja chini ya taya, sema "Toa", usubiri bila kuvuta. Akiachia, mpe sambaza (samaki mdogo wa Ziwa Kivu) mmoja mkavu asiye na chumvi, kisha mrudishie kile kitu. Naomba msomaji asiiruke hatua hii ya kurudisha, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha mbwa kwamba kukabidhi si kupoteza.

Sambaza asionekane mapema. Mbwa akimwona au akimnusa mkononi, atakitema kitu hatua tatu kabla ya kufika. Likitokea hilo, usiinuke kukiokota. Rudi nyuma kidogo, na mara nyingi atakiokota tena akufuate.

Angalia pia meno. Meno 28 ya utotoni huanza kung'oka karibu na mwezi wa nne, na yale 42 ya ukubwani hukamilika karibu na mwezi wa saba. Katika kipindi hicho ufizi huuma, hivyo soksi iliyokunjwa inafaa, kuvutana hakufai, na jiwe la volkano lisirushwe kamwe, kwa kuwa ukali wake huumiza meno na ulimi. Mirusho michache yatosha. Uache angali anataka.

Faida ya kumfundisha kukabidhi ni kubwa katika mitaa yenye takataka, kwani mbwa anayeamini mkono wako hukuachia hata mfupa wa kuku uliopikwa, ambao ungeweza kupasuka na kumchoma utumbo, wakati anayeogopa kunyang'anywa huumeza haraka.

Akishakabidhi kwa utulivu ujiani, mtoe nje na kamba ndefu nyepesi inayoburura chini. Kamba hiyo si ya kumvutia kwako. Ni ya kukanyagwa tu iwapo ataanza kuelekea nyuma ya pipa.