CD4 si kiasi cha damu: ya barazani na ya maabara

Ngamiani, saa kumi na moja jioni, kahawa ikishapita na kashata zake, kila ugonjwa hupata bingwa wake. Mimi nimefanya kazi ya maabara miaka mingi hapa Tanga, kwa hiyo nikikaa barazani huulizwa maswali, aghalabu na mtu aliyekwisha kujijibu. Juzi zamu ilikuwa ya CD4, zile anazopimwa mwenye virusi vya ukimwi (VVU).

"Zimemshuka, mpeni rozela," alisema shangazi yangu, kama anayezungumzia upungufu wa damu.

Hapo ndipo tunapoanza kupotea. CD4 si damu, na kwa kweli si chembe pia. Ni protini inayosimama juu ya utando wa chembe nyeupe, yaani kipokezi. Chembe ikionyeshwa kipande cha adui, CD4 huisaidia kushikana na ile inayoonyesha. Maabara huhesabu chembe zenye kipokezi hicho, na mtu mzima mwenye afya huwa nazo kama 500 hadi 1,500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikienda chini ya 200, magonjwa nyemelezi hupata nafasi. Rozela nainywa na mimi, tena ya baridi, ila haimzuii kirusi kuzaliana. Dawa za ARV ndizo zinazomzuia, na chembe hupanda zenyewe anapotulia. Wapo pia wanaosema "CD4 zangu bado nyingi, dawa za nini?" Hilo lilikwisha: tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linataka kila mwenye VVU aanze dawa bila kungoja zishuke.

Jirani akadakia, "Sasa kama kirusi yumo damuni, kwa mbu hawa wa Tanga, si tungekwisha sote?"

Tungekwisha, kama kirusi angeweza kutoboa chembe yoyote anayokutana nayo. Hawezi. Wanaoikumbuka bandari yetu kabla ya kuongezwa kina wanajua meli kubwa ilitia nanga mbali, ikangoja matishari yashushe mzigo. VVU akishika CD4 ametia nanga tu. Bado anahitaji kipokezi cha pili, CCR5 au CXCR4, ndipo utando wake uungane na wa chembe na mzigo uingie. Wanasayansi walijua habari ya CD4 mwaka 1984. Tishari lenyewe walilipata 1996. Chembe za mbu hazina CD4, na kirusi aliyenyonywa pamoja na damu humeng'enywa tumboni mwake kama chakula kingine. Mbu aogopwe kwa malaria, inatosha.

Na ile ya kwamba Wazungu damu yao haishiki ukimwi? Ina chembe ndogo ya ukweli iliyotiwa chumvi nyingi. Wapo watu, kama mmoja kwa mia huko Ulaya ya kaskazini, waliorithi kwa baba na kwa mama CCR5 iliyokatika. Virusi wengi hukwama kwao, lakini wanaotumia CXCR4 hupita. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyetibiwa Berlin, aliwekewa uboho wa mtu wa namna hiyo mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu, akapona VVU pia. Wazungu wengine wote huambukizwa kama sisi.

Dhana ninayoipenda zaidi kuijibu hainayo baraza, wanayo wanafunzi: kwamba kirusi akishaingia, kipokezi hubaki palepale kama mlango uliosahauliwa wazi. Sivyo. VVU huung'oa. Protini yake moja, Nef, huzivuta CD4 kutoka juu ya chembe na kuzipeleka ndani zikasagwe. Nyingine, Vpu, huzikamata zile mpya kabla hazijafika juu. Kwa nini aharibu alipopitia? Kwanza, watoto wake wakitoka wangenasa kwenye CD4 za chembe ileile iliyowazaa. Pili, ganda lake likigusana na CD4 hufunguka, na sehemu zilizokuwa zimefichwa huonekana na kingamwili, zile protini za mwili zinazomnasa adui. Mwizi aliyeingia kwa ngazi, akaivuta ngazi juu.

Hakomei hapo. Kila chembe huweka nje vipande vya kinachopikwa ndani, juu ya molekuli ziitwazo HLA, ili chembe za ulinzi zikague. Nef huondoa HLA-A na HLA-B, wakaguzi wakapita bila kuona kitu. Lakini mwili una walinzi wengine, chembe za NK, ambao kazi yao ni kuua chembe yenye sinia tupu mlangoni. Basi Nef huiacha HLA-C ibaki, angalau waone kuna kitu. Kila nikisoma habari hii huchukia na kustaajabu kwa pamoja.

Shangazi alikuwa amechoka na herufi zangu. "Angalau surua," akasema, "mtoto akiugua mara moja anakomaa, anakuwa na kinga ya chuma."

Kwa surua yenyewe, kweli, hataugua tena. Kwa mengine anarudishwa nyuma. Kirusi wa surua hupitia kipokezi CD150, nacho kipo kwa wingi kwenye chembe zinazotunza kumbukumbu za magonjwa mtoto aliyokwisha kuyashinda. Kirusi huzimaliza hizo. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya surua: walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Mtoto aliyekwisha kushinda kichomi na kuhara huweza kuanza upya, kwa miezi, pengine miaka. Kirusi aliyedhoofishwa wa kwenye chanjo hafuti kumbukumbu hizo.

"Mwanangu, huo ni wizi," alisema shangazi, akaingia ndani. Alirudi na kadi ya mjukuu wake, akanipa niisome kwa kuwa miwani hakuwa nayo. Dozi ya surua ya miezi 9 imejazwa. Ya miezi 18 iko wazi, na mtoto anakimbia uani akiwa na miaka miwili na ushei.

"Kliniki wanafungua saa ngapi?" akauliza.