Tovuti ikihamia mfumo mpya: mhariri aanzie wapi

Taasisi ikihamishia tovuti yake kwenye mfumo mpya, malalamiko ya wahariri huwa yanafanana: rangi hazichaguliki, picha haikai pale ninapotaka, na ukurasa uliokuwa mmoja sasa umekatwakatwa kuwa visanduku. Kwa mtu aliyezoea kuandika tovuti kama anavyoandika barua kwenye Word, usumbufu huo ni wa kweli. Lakini mfumo haukuundwa hivyo kwa ukaidi. WordPress, mfumo mmojawapo wa kuendeshea tovuti, ilibadilika hivi Desemba 2018 katika toleo la 5.0, na tangu hapo kila aya, picha na kichwa kidogo ni kipande kinachojitegemea. Mwonekano hupangwa mara moja na mafundi ili ukae sawa kwenye simu na kwenye kompyuta. Kazi ya mhariri ni kuuambia mfumo kila kipande ni kitu gani.

Chukua tangazo la kupumzisha Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa mazoea ya zamani, tangazo la namna hiyo huchapwa, hugongwa muhuri, huskaniwa, kisha hupakiwa chini ya kichwa kimoja tu: "TANGAZO". Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, anayetaka kujua ziwa litafunguliwa lini analazimika kupakua faili zito ili asome mstari mmoja. Asiyeona, anayetegemea programu ya kusomewa skrini, huenda asipate chochote, kwa sababu barua iliyoskaniwa ni picha tu.

Kwenye mfumo mpya, kichwa chenyewe kiseme jambo: "Uvuvi Ziwa Tanganyika kusimama 15 Mei hadi 15 Agosti". Maelezo yaandikwe kama maandishi, na barua yenye muhuri iambatanishwe chini. Kama kuna kisanduku cha tarehe ya mwisho, kijaze. Ikifika siku hiyo, tangazo litaondoka lenyewe ukurasa wa mbele. Ukikiacha wazi, Septemba mtu bado atasoma kwamba ziwa limefungwa.

Vichwa vidogo navyo visitengenezwe kwa kukoza maandishi. Chagua mtindo wa kichwa, kwa sababu msomaji asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa, na maandishi yaliyokozwa tu hayamsaidii. Ukinakili kutoka Word, bandika maandishi matupu, kwenye vivinjari vingi ni kwa Ctrl, Shift na V pamoja, la sivyo unabeba na mitindo iliyofichika ambayo itavuruga ukurasa. Picha ya simu yenye MB 4 ipunguzwe hadi upana wa pikseli 1200 hivi. Msomaji wa Uvinza analipia bando kuifungua.

Kagua pia saa ya mfumo. Ikiwa imeachwa kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa 3, habari uliyoipanga itoke 08:00 ukimaanisha saa 2 asubuhi itatoka saa 5, pengine kikao ulichokitangaza kimeshaanza.

Hofu ya kuharibu kitu isikuzuie kujaribu. Mifumo mingi huhifadhi rasimu na matoleo ya nyuma, na unaweza kulirudisha la jana kwa kubonyeza mara chache. Ila kila mhariri awe na akaunti yake. Ofisi nzima ikitumia nywila moja, hakuna atakayejua nani alibadili ada ya leseni na kwa nini.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni anwani za kurasa. Mfumo ukibadilika, nazo mara nyingi hubadilika. Kiungo cha fomu kilichosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kinaanza kuleta ujumbe wa 404, yaani ukurasa haupo, na mwananchi anadhani huduma imefutwa. Dawa yake ipo: anwani ya zamani huelekezwa kwenye mpya kwa msimbo 301, unaoviambia vivinjari na injini za utafutaji kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. Fundi ndiye anayeuweka, lakini fundi hajui ni kurasa zipi watu wa Kasulu au Kibondo wanazitegemea. Mhariri anajua. Kwa hiyo kabla tovuti ya zamani haijazimwa, fungua jedwali lenye safu mbili, anwani ya zamani na anwani mpya, na umkabidhi fundi. Anza na fomu, ada na mawasiliano, kwa sababu hizo ndizo huandikwa kwenye barua na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata, na karatasi zilizokwisha kutoka hazirudi kusahihishwa. Mkishahama, fungua kila anwani ya zamani kwa simu yako na uone inakufikisha wapi.