Kulehemu kwa shaba si kuchomelea

Wiki hii nimelisikia tena kosa hili la kuchanganya maneno, kwenye gereji moja huku Chikongola, Mtwara. "Hapa mzee alichomelea kwa shaba, mimi naongeza tu." Kijana akawasha mashine ya umeme. Ilikuwa pikapu ya miaka ya 1960 inayofufuliwa, na kishikio cha madigadi kilikuwa kimeachia. Moto ulipogusa ile shaba ya zamani ukapanda moshi mweupe, na kiungo kikatoka na matundu kama mkate wa kumimina. Kosa lilianzia kwenye neno.

Maana yake ni fupi. Kulehemu kwa shaba ni kuunga vyuma viwili kwa madini ya tatu yanayoyeyuka kabla ya vyuma vyenyewe, kwa joto linalozidi nyuzi 450 za Selisiasi. Chini ya hapo, kama fundi wa rejeta na risasi yake, ni kulehemu kwa kawaida.

Sasa neno. Kuchomelea kumetoka kwenye choma: choma, chomea, chomelea. Moto unakila chuma chenyewe, kingo mbili zinayeyuka kwenye nyuzi kama 1,500 na kuwa dimbwi moja. Kulehemu tumekupata kwa Waarabu, na mzizi wake ndio ule wa lahm, yaani nyama. Kidonda kikifunga, Mwarabu hukisema kwa mzizi huohuo. Naipenda sana picha hiyo, kwa sababu ndivyo kazi ilivyo: pande mbili zinabaki zilivyo, katikati inaingia nyama.

Tazama kwa karibu. Unakipasha chuma kwa gesi; kijiti kinasubiri pembeni. Boraksi, ule unga wa kusafishia kiungo, inatoa povu jeupe, kisha inalala na kung'aa kama kioo. Chuma kikishakuwa chekundu, kwenye nyuzi kama 900, unagusisha kijiti cha shaba ya njano, nayo inakimbilia ndani ya upenyo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Upenyo wenyewe ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Ukiwa mpana, shaba haipandi. Na pakibaki kutu, ambayo kwa chumvi ya pwani yetu haikosekani, shaba inajiviringa juu kama tone la maji kwenye jani la magimbi. Ndiyo maana nusu ya kazi ni tupa na msasa. Fremu nyingi za baiskeli za zamani, zile zinazobeba magunia ya korosho, zimeungwa hivyohivyo, na mabomba yake hayakuyeyuka hata kidogo.

Ule moshi mweupe ni zinki iliyomo ndani ya shaba ya njano. Inachemka kwenye nyuzi 907, na moto wa umeme unapita hapo mbali sana. Anayeuvuta anaweza kulala na homa usiku huo, kwa hiyo fungua milango.

Basi mdogo wangu, mtu akikwambia "palichomelewa kwa shaba", muulize kwanza: chuma kiliyeyuka? Kama hakikuyeyuka, sema palilehemiwa. Atakayeishika gari hiyo baada yako atajua awashe gesi, na akitaka umeme, aikate kwanza sehemu yote yenye shaba.