Neno letu Harambee na watoto weusi wa Marekani

Mzazi ulieko Marekani, kama mwanao likizo ya kiangazi amerudi nyumbani anakwambia "mama leo tumefanya Harambee", hajasikia vibaya. Ni neno letu lile lile la kuvuta kwa pamoja, lile Mzee Kenyatta alilipaza Kenya ilipopata uhuru 1963 na mpaka leo liko kwenye nembo ya taifa, ndo Wamarekani weusi wanafungulia nalo siku kwenye Freedom Schools, yani shule za uhuru, zinazosimamiwa na Children's Defense Fund, shirika la kutetea watoto. Mimi kwenye taasisi yetu kazi yangu ni elimu na malezi ya watoto, na wazazi wakiniuliza huyu menta anayesemwa kila siku, yani mlezi wa kumshika mtoto mkono, anafanya nini hasa, huwa naanzia hapo.

Asubuhi, kabla ya madarasa, watoto wote wako ukumbini, mara nyingi ni kanisani au shule ya mtaa, wanaimba wanapiga makofi wanaruka na vijana wa chuo waliopewa kazi ya kuwalea, alafu wanakaa chini na mtu mzima wa eneo lile anawasomea kitabu kwa sauti. Si lazima awe maarufu. Anaweza kuwa nesi, dereva wa basi, fundi, bibi wa jirani. Akimaliza anaulizwa maswali, na mimi hapo ndo napapenda kuliko pote, manake mtoto wa miaka saba anainua mkono anauliza wewe ulikua unapenda hesabu? ulishawahi kufeli? na yule nesi mweusi anayefanana na mama yake anamjibu mbele ya wenzake kwamba ndio nilifeli nikarudia mtihani. Kisha wanatulia kimya kidogo, wanaingia kusoma.

Hizi shule zina historia nzito. Desemba 1963 kijana wa harakati za haki, Charles Cobb, alipendekeza zifunguliwe Mississippi, maana shule za watoto weusi kule zilikua zinanyimwa pesa na kuuliza maswali ilikua kama kosa. Kiangazi cha 1964 zikafunguliwa zaidi ya 40, makanisani, vibarazani, hata chini ya miti. Kanisa la Mount Zion huko Longdale lilikubali kutoa nafasi, tarehe 16 Juni likachomwa moto, na siku tano baadae vijana watatu waliokuja kuangalia lililotokea, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, wakauawa. Watu wakaendelea kufundisha tu. Mwaka 1995 Children's Defense Fund, shirika lililoanzishwa na Marian Wright Edelman, likazirudisha kwa mfumo wa sasa.

Saivi kijana mmoja anakua na watoto kama 10 hivi, wiki sita, vitabu vina watoto weusi kama wahusika na mtoto anaenda navyo nyumbani, chakula kipo, na wazazi wana kikao kila wiki. Kwanini kijana wa karibu kiumri na mweusi mwenzao? Kwasababu kwenye shule za serikali za Marekani walimu weusi hawazidi 7 kati ya 100, mtoto anaweza kumaliza miaka yote hajafundishwa na mtu wa rangi yake.

Ila kitu kikubwa kwenye ulezi wa namna hii ni kukaa. Tunapenda sana kumwita mgeni aje awape watoto moyo, anapigiwa makofi anaondoka, mwaka unaisha hajaonekana tena. Jean Grossman na Jean Rhodes mwaka 2002 walitoa utafiti wa vijana zaidi ya 1,100 wa Big Brothers Big Sisters, mpango wa Marekani unaowapa watoto walezi wa kujitolea, wale waliokaa na mlezi mwaka mzima au zaidi ndo walinufaika zaidi, na wale walioachwa ndani ya miezi mitatu kujithamini kwao kulishuka. Yani kumuanza mtoto ukamwacha njiani unaweza kumrudisha nyuma, alishazoea kuachwa na wewe umemthibitishia.

Na hili nalisema kwa upendo, wazazi wetu wengi kule wanakaa mbali na programu hizi, wanaona ni za wenyewe Wamarekani weusi. Jamani, mtoto wako akikaa darasani hakuna anayemtofautisha kama katokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au kazaliwa Georgia, anaonekana mtoto mweusi na kinachowapata wenzake na yeye kinampata, tena yeye ana na Kiingereza cha kujifunza juu yake.

Kabla hujamkabidhi kwa mlezi yeyote uliza: utamuona mara ngapi kwa wiki, mtakua wapi, mpaka lini, na nani amekagua rekodi yake ya polisi. Mtu mwema hakasiriki kuulizwa. Alafu uliza kikao cha wazazi ni siku gani, na kama wanatafuta wasomaji wa asubuhi jiandikishe na wewe, lafudhi yako haina shida kabisa, soma polepole, wafundishe hiyo Harambee inavyotamkwa kwetu, na wakikuuliza ulishawahi kufeli waambie ukweli.